Hesabu za Baba Ken

Mimi Phelesia nimevumilia mengi katika ndoa, lakini hesabu za Baba Ken zilinishinda. Mwaka ule wa mvua ya El Niño, Willis mume wangu, huyo huyo Baba Ken, alikwenda Kehancha kuuza omena, dagaa wa ziwa letu, akarudi na kijitabu alichopewa na mhubiri mmoja sokoni. Ndani kulikuwa na nyota, pembetatu zenye jicho katikati, na namba za Danieli na Ufunuo zimepangwa mistari mistari. Kilisema kila jina lina namba yake iliyofichwa. A ni sita, B kumi na mbili, C kumi na nane, hivyo hivyo hadi Z. Jumlisha herufi zote, na ukipata mia sita sitini na sita, kimbia. Huyo ni Mnyama.

Wuoi! Tangu siku hiyo hatukupumua. Alihesabu sabuni, akahesabu majani ya chai, akamhesabu hata chifu. Jogoo akiwika mzee yuko chini anachora namba mchangani kwa kijiti. Nikimwambia paa linavuja, ananijibu, "Mama Ken, mwaka elfu mbili unakuja, wewe unaniletea habari za paa." Kwani mwaka elfu mbili mvua haitanyesha?

Nikamwacha. Ndio hivyo, mtu mzima akiamua kucheza na mchanga utamfanya nini? Mpaka ikafika asubuhi ya Risper.

Risper ni mke wa mwanangu Ken. Ken alikuwa kazini Migori na barabara zilikuwa zimekatika, kwa hiyo msichana alikuwa mikononi mwetu na mimba yake ya kwanza. Uchungu ulimshika jioni. Kulipokucha, mkunga alitoka nje akifuta mikono, akaniita kando.

"Mtoto amekingama tumboni," akasema. "Mimi hapa nimefika mwisho. Mpelekeni Mbita hospitalini, na msichelewe, la sivyo mtazika wawili."

Kwa gari hakukuwa na njia. Kijiji chetu chote cha Kisegi siku hiyo kilikuwa na boti moja tu lenye injini, la jirani yetu Walter. Tukambeba Risper kwa blanketi hadi ufuoni, Walter akaanza kutia mafuta. Ndipo Baba Ken akaja na kijiti chake, akasimama mbele ya boti. Ubavuni mwa boti, Walter alikuwa ameandika jina la marehemu baba yake kwa rangi nyekundu: JOEL OKOTH.

"Hapandi," akasema.

"Nani hapandi?"

"Risper. Hili boti nililihesabu zamani. Joel Okoth ni mia sita sitini na sita. Siwezi kumtia mjukuu wangu tumboni mwa Mnyama."

Damu ilinipanda kichwani. Marehemu Joel Okoth alikuwa shemasi! Mabati ya kanisa letu ni yeye aliyatoa, na siku ya harusi yetu ni yeye alisimama nasi!

"Baba Ken, yule mzee hata kuku hakuwahi kumtukana!"

"Namba hazidanganyi."

Nikamgeukia Walter. "Washa twende."

Walter akainamisha kichwa. "Mama, siwezi. Mwenye boma amekataa. Mke wa mwanawe akifia kwangu botini, damu yake iko juu yangu na watoto wangu."

Na hapo hakukosea. Kwetu nani atamtoa mke wa mtu bomani wakati mzee amesema hapana? Risper alikuwa amelala pale kwenye blanketi, hana hata nguvu ya kupiga kelele. "Mama," akaniambia, "mimi nakwisha."

Aki nilitaka kumpiga Willis kwa kasia. Badala yake nikamshika shati. "Nakuomba kwa jina la Bwana Yesu." Na nikiwa bado nalitamka, wazo likanijia. "Hilo umelihesabu?"

"Lipi?"

"Bwana Yesu. Lihesabu sasa hivi, hapa, mbele ya watu. Utapata namba ya mbinguni, nayo itamlinda Risper ndani ya hilo boti."

Nilijua itatoka namba nzuri. Nilitaka apate tu kisingizio cha kutuachia njia.

Akachuchumaa, akaandika. Bwana, mia mbili arobaini na sita. Yesu, mia nne na ishirini. Akajumlisha, kisha akafuta yote kwa kiganja na kuanza upya. Walter alikuwa amemwinamia, midomo ikihesabu naye. Ikatoka ileile.

Mia sita sitini na sita.

Mimi mwenyewe sikuitarajia. Niliogopa. Halafu nikamsikia Risper akiguna nyuma yangu, na hasira ikarudi.

"Sasa, Baba Ken. Ama Bwana Yesu ni Mnyama, ama hizi hesabu zako ni takataka. Chagua, na uchague haraka."

Akasimama na kijiti mkononi. "Mama Ken, mimi nilitaka tu tuokoke."

"Basi muokoe huyu aliye mbele yako!"

Akakitupa kijiti majini. Akaingia ziwani hadi magotini na suruali yake ya kanisani, akalisukuma boti kwa mikono yake mwenyewe.

Huko Mbita walimpasua Risper mchana huohuo, mvua ikipiga mabati hata hatusikilizani. Mtoto akatoka mzima, wa kiume, na mama yake akaamka.

Tuliporudi, Baba Ken alikuwa ufuoni anatungoja, mikono mitupu. Nikampa mtoto.

"Anaitwa nani?"

"Amezaliwa mvua ikinyesha, kwa hiyo ni Okoth kama wavulana wetu wote wa mvua," nikamwambia. "Na Risper amempa jina la boti lililomfikisha. Joel."

Nikaona kidole chake kikianza kuandika juu ya blanketi la mtoto. Herufi moja, ya pili. Kisha kikasimama. Akamvuta mtoto kifuani na kumfunika kichwa, maana matone yalikuwa yameanza tena.

"Joel Okoth," akamwita. "Twende ndani, utalowa."

"Ndani pia atalowa," nikasema. "Paa linavuja."

"Nitaliziba leo, Mama Ken."