Amri ya Kuketi

Mume wangu, Sajini Okwera, anapiga ngoma kubwa katika bendi ya polisi hapa Kampala. Anapopiga yeye, ndipo wenzake wote wanapoweka mguu chini. Basi cheka nami: mtu huyo huyo ndiye ambaye moyo wake umekataa mwendo. Siku nyingi unatulia vizuri tu. Halafu ghafla, bila kuchokozwa, unatimua mbio, unaruka, unajikwaa.

Daktari alimweleza polepole, mimi nikiwa pale pale. "Hii si dawa ya kila siku. Moyo ukianza fujo, meza kidonge kimoja, uketi mpaka utulie. Usipotulia, njoo hospitali haraka." Kuna ugumu gani hapo? Lakini Baba Alal, ndivyo ninavyomwita mume wangu, ni mtu wa kambi.

"Kwenye paredi," akaniambia tulipofika nyumbani, "mtu haketi bila amri."

"Hata moyo ukimpasuka?"

"Anasubiri amri, Mama Alal."

Yesu wangu! Sikio la kufa halisikii dawa, na hili lilikuwa limevaa kofia ya polisi.

Wiki ile ile tukamuaga marehemu Afande Ogwal kwenye uwanja wa kambi. Sisi wanawake tulikaa chini ya hema, nyuma kabisa ya bendi. Ngoma ya msiba huenda polepole, kwa hiyo nilimwona vizuri. Jasho lilimtiririka shingoni. Mkono wake ukaenda mfukoni, kwenye kidonge, ukarudi mtupu kuwahi pigo. Ukaenda tena, ukarudi tena. Akaanza kuyumba, na ngoma haikukosea hata mara moja. Mpumbavu yule!

Mimi nauza maharage sokoni Kalerwe, sauti ninayo. Na miaka yote ya kuishi kambini nimesikia amri kila asubuhi. Nikasimama, nikavuta pumzi.

"Bendi! Chini... kaa!"

Wakaketi. Wote! Watu wa kambi wanatii sauti kwanza, ndipo wanauliza ni ya nani. Hata mzee wa tarumbeta, anayebishana na kila mtu, aliketi kwenye nyasi kama mtoto wa shule. Inspekta Olweny, kiongozi wao, akabaki amesimama peke yake, fimbo juu, mdomo wazi. Baba Alal akameza kidonge chake.

Moyo ulitulia kabla hatujarudi nyumbani. Yeye hakutulia.

"Umeniaibisha mbele ya marehemu."

"Marehemu hakulalamika."

"Unacheka? Sasa Olweny ameniona nikimeza kidonge. Atampa mwingine ngoma yangu!"

Kumbe! Habari ya amri ilikuwa kanzu ya nje tu. Hofu yenyewe ilikuwa ndani. Hasira ikaniisha, nikamwonea huruma sana.

"Na ukifa, Baba Alal? Wataizika ngoma hiyo pamoja nawe?"

Asubuhi akavaa sare, akaenda mwenyewe kwa Olweny kusema kila kitu. Nilibaki mlangoni naomba Mungu.

Alirudi mchana, akavua kofia, akaketi bila mtu kumwambia.

"Ngoma wameniachia," akasema. "Lakini Olweny ametoa sharti. Kila paredi, wewe ukae hema la mbele, ukiniona nalemewa uniamuru kuketi."

Nikamwambia nitakwenda, nikajificha jikoni nilie.