Waya wa Simu na Masikio ya Mzee Haloo

Mtaani walimwita Mzee Haloo, kwa sababu hadi anastaafu, kazi yake ilikuwa kuunganisha simu za waya, na kwa sababu uongo wake haukuwahi kukatika laini. Aliapa kwamba siku moja alimuunganishia mteja simu kwa waya wa kuanikia nguo, na mawasiliano yakawa safi kiasi kwamba aliyepigiwa alisikia harufu ya sabuni.

Kwa hiyo mkwe wake alipomletea redio kubwa na spika mbili bila nyaya za kuziunganishia, hakubabaika. Alikwenda dukani kuulizia waya wa spika, akatajiwa bei, akauliza kama mwimbaji naye yumo humo ndani. Kisha akarudi nyumbani, akazama stoo, akaibuka na bunda la waya wa simu aliloondoka nalo kazini.

Akalichuna gamba jeusi kwa kisu. Ndani mlikuwa na nyuzi nyembamba, za bluu na nyeupe. Uzi mmoja ulikuwa mwembamba mno kwa kazi ile, basi akakusanya za bluu upande mmoja na nyeupe upande mwingine, akaanza kuzisuka kila rangi kivyake.

"Unamsuka nani?" mkewe akamuuliza kutoka kwenye cherehani yake, maana alikuwa mshonaji.

"Spika. Muziki ukianza humu, bibie, utamtafutia mwimbaji kiti."

Akachomeka, akakaa katikati ya spika mbili, akawasha.

Sauti ya mwimbaji haikuwa na makao; mara iko ukutani, mara iko nyuma ya kisogo. Besi ilikuwa imetoroka. Na masikio yake yalijaa uzito, kama ya mtu aliyeibuka kutoka majini. Akajipiga kofi kichwani. Akachokonoa kwa pamba. Wapi! Akasuka waya mwingine mnene zaidi, kisha wa tatu mnene kama kidole gumba, kila mara akiirudisha ncha palepale ilipokuwa. Mambo yaleyale.

Basi waya ni mzima, akajiambia. Mgonjwa ni mimi.

Kaka yake marehemu alianza hivyohivyo kabla ya kuwa kiziwi. Alianza kuilaumu redio, akaja kumlaumu mkewe kwamba ananong'ona, na mwishowe watu wakawa wanamtikisia kichwa na kumchekea kama mtoto mchanga. Na mtu wa porojo akikosa masikio, amebaki na nini? Hata anayembishia hamsikii.

Hakumwambia mtu. Mtaani aliendelea kujigamba kwamba kwa waya wake unamsikia mwimbaji akimeza mate, lakini nyumbani redio ilikaa kimya. Asubuhi moja mkewe akamsimamia mbele, mkono kiunoni. "Nakuita tangu saa ile! Taka zimejaa!" Mzee Haloo, aliyekuwa amezama katika mawazo ya kaka yake, hakuwa amesikia hata neno.

"Na hiyo redio yako, umeisusa?" Mkewe akaketi kwenye kiti cha katikati. "Hebu washa na mimi nimsikie huyo anayemeza mate."

Akawasha, akausoma uso wa mkewe kama mgonjwa anavyomtazama daktari aliyeshika majibu. Akisema ni tamu, nimekwisha.

Mkewe akakunja uso. "Huyu kamezwa na nani?"

"Nani?"

"Mwimbaji! Anaimbia tumboni mwa mtu. Na ngoma ziko wapi? Loo, hata masikio yananiziba."

"Sema tena!"

"Masikio yananiziba, na waya wako ni mbovu!"

Mzee Haloo akamkumbatia pamoja na futi yake ya kupimia nguo iliyoning'inia shingoni. "Mbovu! Mbovu kabisa! Ahsante, mke wangu!"

"Mzee, umekula nini leo?"

Ndipo akamweleza yote, hadi habari ya kaka yake.

"Siku zote hizo umekaa na hilo peke yako?"

"Sikutaka kukusumbua."

"Unanisumbua kwa kila kitu. Hilo ndilo ukaona ulibakize?"

Mkewe akajifuta jicho, akainama nyuma ya spika. "Sasa hii ya bluu, mbona huku umeiingiza kwenye tundu jekundu, na kwenye spika ile umeiingiza kwenye jeusi?"

"Haina neno. Simu haijali. Miaka yote nimezichomeka mkono unapoangukia, na hakuna mteja aliye..." Akainama naye kuzitazama ncha.

"Hii si simu," mkewe akasema taratibu, kama anamwambia mteja kwamba amenenepa.

Kumbe spika moja ilikuwa inasukuma hewa wakati nyingine inavuta, zinafutana sauti siku zote hizo! Akageuza ncha mbili tu, akawasha. Mwimbaji akaja kusimama katikati ya sebule. Ngoma zikatua sakafuni, kioo cha dirisha kikaitikia.

Mzee Haloo akajitupa kitini, akashusha pumzi ndefu. Masikio mepesi, kifua chepesi. Tayari alikuwa anatunga porojo ya kuwapelekea watu wa mtaani, jinsi alivyomtoa mwimbaji tumboni mwa mamba kwa waya wa simu, alipoitwa kutoka jikoni, kwa sauti ya chini kabisa.

"Mzee."

Akajifanya hajasikia.

"Si masikio ni mazima? Basi taka hizo."

Akainuka, akabeba ndoo. Majirani walimwona akipita nayo anapiga mluzi, na tangu ahamie mtaa ule hakuna aliyewahi kumwona akibeba taka kwa furaha namna ile.