Kata au Kataa

...kata, au kataa, moja katika hayo mawili ndilo Nasser alilosema, halafu simu ikakatika, nayo pia ikakatika, utadhani siku ya leo imekula kiapo na neno moja tu, na sasa Mwanawetu amekaa juu ya tairi kuukuu ndani ya gereji ya Kawempe, simu iliyokuwa kwenye spika bado mkononi, na Olal fundi anamtazama kutoka chini ya gari lao, amelala chali, grainda kifuani, anangoja. "Hajati, Haji amesema kata, si umesikia?" Amesikia, ndiyo, amesikia ka, amesikia ta, na baada ya ta palikuwa na kitu, a nyingine, au ni mkwaruzo wa mtandao, au ni lori lililopiga honi nyuma ya mume wake, maana Nasser yuko Busia mpakani tangu jana anafuatilia mchele, na huko hata salamu humfikia mtu nusunusu... yeye Mwanawetu ambaye anasomesha watoto Kurani chuoni, ambaye kazi yake ni kuvuta na kutovuta, anayekunja vidole mbele yao, hapa vuta, hapa usivute, ukivuta pasipo pake umegeuza maana na maneno si yako, leo irabu moja ya mume wake imempita sikioni kama mgeni asiyebisha hodi. Maajabu ya Musa. Akapiga tena, yule mwanamke wa kwenye simu akamwambia hapatikani, jaribu baadaye, kwa adabu kabisa, kwa Kiingereza kisha kwa Kiganda, kana kwamba Kiganda kitampata. "Mimi nikikata hapa," Olal anasema, na kidole chake cheusi kinapita juu ya lile pipa la chuma katikati ya bomba la moshi, "natoa matumbo yake yote, nachomelea, jioni gari yako inapanda Mbuya hata kama iko na mzigo." Matumbo. Alimwonyesha moja asubuhi, la gari la mtu mwingine, lilikuwa limetupwa pale karibu na ndoo ya oili, vitundu vidogo vidogo kama sega la nyuki, vyote vimeziba masizi, akavigusa na kidole kikatoka cheusi, akakipangusa kwenye kanga na sasa kanga ina alama, haitatoka hiyo... kwa hiyo ndivyo filta inavyoishi, inameza moshi wa dizeli ili usitoke nje, kisha gari likikimbia sana bomba linapata moto, na moto unayachoma yale masizi yakaisha, ndivyo Olal alivyoeleza, lakini gari la Kampala litakimbia wapi, linatoka Kawempe linasimama Bwaise, linatoka Bwaise linasimama, linasimama tu, bomba halipati moto, masizi yanarundikana, taa ya njano inawaka kwenye dashibodi na injini inanywea. Wahenga walisema panapofuka moshi hapakosi moto, hawakuwa wamekaa kwenye jam. Jana gari lilikataa mlima. Hivyo ndivyo dereva alivyosema kwenye simu, gari limekataa, na mchele na maharage ya kantini ya Mama Anena yakakaa katikati ya mlima wa Mbuya, watu wakala chapati tupu, na Mama Anena, mwanamke asiye na makuu lakini asiyezungusha maneno, akasema, "Mama Rukiah, mimi nakupenda, lakini kesho chakula kisipofika nachukua kwa mwingine," na mwingine yupo, siku zote mwingine yupo... Limekataa. Labda ndilo Nasser alilokuwa anasema, hakuwa anaagiza chochote, alikuwa anauliza tu, bado linakataa? Basi sasa ni matatu, kata, kataa, linakataa, na Olal amesikia moja tu, lile fupi, kwa sababu Olal alizaliwa kambini Mbuya, baba yake askari kutoka Gulu, na Kiswahili cha kambini ni cha amri, simama, geuka, beba, hakuna mtu anayevuta irabu kwenye gwaride. Si kosa lake. "Ama naifungua," Olal anasema, kwa sauti ya mtu anayetaja kitu ambacho hakitanunuliwa, "naitoa nzima, tunaisafisha, tunaichoma masizi, tunairudisha. Lakini hiyo ni siku mbili, Hajati. Na Haji amesema kata." Siku mbili ni Mama Anena kwa mwingine. Na jioni hii ni gari zima, jepesi, linapanda, na moshi wake... mbona kila mtu amekata, Shafiq jirani alikata mwaka jana, akajisifu barazani, gari limekuwa kijana, na kweli limekuwa kijana, kila alfajiri analiwasha chini ya dirisha la chuo aliache lipate moto huku yeye anakunywa chai, na pazia lililokuwa jeupe sasa halina rangi ya kutajwa, na watoto wanasoma huku wamefunika pua kwa mikono ya kanzu. Yeye alikwenda kumwambia, akajibiwa vizuri, "Dada Mwanawetu, dakika tu, nazima sasa hivi," na hakuzima.

Na Rukiah. Alikuwa hataki kufika kwa Rukiah, alikuwa anazunguka, sasa amefika. Binti yake mwenye pumzi ndefu kuliko wavulana, aliyekuwa akifika penye mvuto mrefu anafumba macho na sauti inakwenda, inakwenda, mpaka wenzake wanaanza kucheka kwa mshangao, siku hizi anafika katikati anaishiwa, anakohoa kidogo, anarudi nyuma kuanza tena. "Umekata," Mwanawetu humwambia, maana chuoni ndivyo wanavyosema, mtu akiikata pumzi kabla neno halijaisha amekata, na Rukiah anasema, "Nimekata, Mama," kwa upole kabisa, kama amevunja kikombe. Labda ni vumbi. Labda ni baridi ya alfajiri, watoto hubadilika. Lakini yeye si mjinga, anajua gari lao nalo hulala chini ya dirisha lile lile, na kesho alfajiri yatakuwa mabomba mawili. "Usikate, vuta," jana alimwambia mtoto, kwa ukali, usikate, Rukiah, na mtoto akavuta alichokuwa nacho... sasa aseme nini hapa? Anaogopa, ndiyo, anamwogopa Nasser akirudi na mchele akute hakuna wa kuuziwa. Lakini Nasser alisema nini haijalishi tena, akashangaa kuona haijalishi, amekaa juu ya tairi muda wote huu akitafuta a ya mtu mwingine.

"Hajati? Nangoja wewe."

"Olal, usikate," akasema, kwa sauti ile ile ya chuoni, lakini wakati huo kompresa ya jirani ikanguruma, ikameza mwanzo wa neno, na Olal akaweka kiganja sikioni, "Nikate?" na kidole tayari kiko kwenye swichi. Hakurudia. Aliinama, akaufuata waya wa grainda juu ya mchanga wenye oili mpaka ukutani, akauchomoa. Olal akaitazama grainda, akamtazama yeye. "Lakini Haji alisema..."

"Haji yuko Busia."

Gari bado liko juu ya jeki, taa ya njano bado inawaka, Mama Anena bado anasubiri mlimani, Mwanawetu akakaa tena juu ya tairi lake na waya mapajani, na hapo simu ikalia, jina la Nasser. Akaiacha ilie. "Anza kufungua boliti," akamwambia Olal, ndipo akapokea.