Uwanja wa Pili

Baba alikuwa na wiki ya tano kwangu Katoro na alikuwa hajacheka hata mara moja. Nilikuwa nahesabu. Mama alipofariki nilimng'ang'ania mzee aondoke Didia aje akae na mimi, na akaja akakaa kweli: kwenye kiti cha plastiki kando ya mashine ya fotokopi, akiangalia bodaboda zinavyopita, akiitikia shikamoo za wateja wangu bila kuwatazama. Kaka yangu Gelasius alisema mzee akiendelea hivyo atamrudisha kijijini. Sikutaka kulisikia hilo. Nilishampoteza mmoja.

Mimi ni Violeth, nina stationery, na ugonjwa wangu ni gemu moja la zamani la kompyuta, la kujenga bustani ya michezo. Unaweka bembea, unaweka vibanda vya soda, na vijitu vidogo vinamiminika getini kutafuta raha. Wengine wanalicheza lilivyo. Mimi nalichokonoa: nafungua mafaili yake, nabadilisha picha, sauti, hata sheria. Gelasius anauita utoto. Yeye na mpira wake sijawahi kumsema.

Basi nikapata wazo. Baba alikuwa kiongozi wa ngoma, na jina lake, Masele, lilifika mpaka Ushirombo. Kwetu mashindano ya ngoma baada ya mavuno hayana refa. Vikundi viwili vinacheza mahali pamoja, kwa wakati mmoja, na watazamaji wanakwenda kwa anayewafurahisha. Mwenye watu wengi ndiye mshindi. Mpinzani wa baba miaka yote alikuwa Abel wa kijiji cha pili, aliyefariki mwaka juzi. Walikuwa hawaachiani. Mwaka huu anashinda huyu, mwaka ujao yule, na kwenye nyimbo walitukanana matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Nikaitoa bembea ya kuzunguka, nikaweka uwanja wa ngoma. Wachezaji niliwachora nukta kwa nukta, wiki mbili nzima. Sauti niliirekodi kwa simu, nikimwomba baba agonge meza, naye akidhani najaribu spika. Nikaweka na uwanja wa pili, wa Abel. Halafu nikafanya ujanja: kwenye faili la sheria, uwanja wa baba nikaupa raha ya juu kabisa, wa Abel nikaupa sifuri. Mzee angemshinda Abel milele.

Jumamosi mchana nikamsogeza karibu na kompyuta. "Baba, angalia. Huyu mwenye manyoya kichwani ni wewe."

Akainama. Vijitu viliingia, vyote vikaenda upande wake, mia, mia mbili, mpaka njia ikaziba. Mimi nilikuwa namwangalia yeye usoni, nikisubiri.

"Na ule pale?" akauliza.

"Wa Abel."

"Mbona hana hata mtu mmoja?"

"Si umemshinda, baba."

"Abel hakuwahi kukosa watu, hata mvua inyeshe. Ng'wanone, mwanangu, umemfanya nini mwenzangu?"

Nilikasirika, sifichi. Macho yaliniuma wiki mbili kwa ajili yake. Nikamwambia nilidhani anatamani kushinda.

"Ninayemkumbuka ni Abel," akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba asogezewe chumvi. "Mpe watu."

Nikafungua faili, nikavipa viwanja vyote raha sawa. Vijitu vya gemu hili vikishaona kitu kimoja hutamani kingine, kwa hiyo vikaanza kuchomoka upande wa baba, kimoja kimoja, halafu makundi. Baba akawa anagonga goti lake. "Wanakwenda," akasema. "Haya, wanakwenda." Alipobakiwa na kumi na wawili alijifuta macho kwa kiganja, akaniambia nimpigie Gelasius aje kumchukua. Akasema Wiliam, mtoto wa Abel, ndiye anayeongoza kikundi kile sasa. Mavuno yameisha. Kuruka hawezi tena, lakini kuimba anaweza.

"Na mimi je?" Lilinitoka tu, mtu mzima wa miaka thelathini na nane. "Nimekufanyia kila kitu hapa."

"Umenifanyia, mwanangu. Lakini hapa hakuna wa kunishinda."

Aliondoka Jumatatu. Kiti sikukitoa. Wateja walijikwaa nacho na bado nikawafokea wao. Nilitamani arudi, na nilitamani abaki huko mpaka acheke, na yote mawili yaliniuma sawasawa.

Mwisho wa Julai simu iliita nikimtolea mteja nakala ya cheti cha kuzaliwa. Nyuma ya sauti ya baba kulikuwa na ngoma na vigelegele.

"Violeth, tumeshindwa," alisema. "Tumeshindwa vibaya. Upande wangu walibaki mabibi wawili na mbwa."

Akacheka. Kile kicheko chake cha tumboni, mpaka akapaliwa na kukohoa, akaendelea kucheka. Niliegemea kaunta nikalia. Mteja akaniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia hapana, ni baba yangu, yuko Didia.