Felisiani na Picha ya Mama Mkwe

Felisiani alikuwa na mdomo, na siku ya posa mdomo ndio uliomponza. Mwalimu wa uchoraji, mzaliwa wa Sumbawanga mjini, jembe alilijua kwa kuliona dukani. Lakini alipokaribishwa nyumbani kwa kina Angela, binti aliyekwenda kumposa, kule Chala, na baba mtu, Mzee Evaristi, akamuuliza kama analima, alijibu bila kupepesa macho:

"Kila masika, baba. Ntumba zangu nainua mwenyewe."

Angela akainamisha kichwa. Alijua ni uongo, akamwongezea togwa.

Mzee Evaristi alifurahi. Akamwonyesha picha ya rangi ukutani: mwanamke amekaa bustanini katikati ya vilima vidogo vya udongo, mikono magotini, kivuli cha kitambaa kimemfunika nusu ya uso. Aliichora Kabula, jirani yao Msukuma.

"Mwalimu, hii ndiyo kazi yako. Hebu tufafanulie."

Angesema picha ni nzuri, akaendelea na togwa lake. Wapi! Akasimama, akakohoa kidogo, akanyoosha kidole.

"Huyu mama ana majonzi. Tazameni makaburi yaliyomzunguka. Ni madogo, ya watoto. Amezika wote, kabaki peke yake."

Mshenga wake, mzee Loth, alimvuta shati. Alikuwa amechelewa.

Mama Cornelia, mama yake Angela, aliweka kikombe chini.

"Huyo ni mimi," alisema. "Watoto niliozika ni wawili, baba, nao wamelala kule kanisani. Hizo ni ntumba, matuta yetu ya duara. Nimefukia nyasi, juu nimepanda maharage. Hata Kabula, Msukuma, anazijua."

Hakuna aliyecheka, afadhali wangecheka. Felisiani aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Alikuwa amemchimbia mama mkwe makaburi sebuleni kwake, kisa hataki kuonekana mtu wa mjini.

"Nisamehe, mama. Nilidanganya. Sijawahi kulima."

"Kulima mtu hufundishwa," alisema Mama Cornelia. Kisha akamgeukia binti yake. "Wewe ulijua?"

Angela aliitikia kwa kichwa, machozi yakimlengalenga. Felisiani alitamani ardhi ipasuke immeze, maana sasa aibu yake ilikuwa imempata hata binti aliyekuja kumposa.

Mama Cornelia hakugomba. Alimwambia mshenga kwa upole kwamba habari ya posa isubiri, kwanza ana maneno na mwanawe. Akamshika Angela mkono, wakaingia ndani, na mlango ukafungwa.