Andongwisye Amekabidhi Mto

Mdomo uliponza kichwa, na safari hii kichwa kilikuwa changu. Andongwisye, rafiki yangu, alitengeneza programu ya kutuma tahadhari kwenye simu mto Songwe unapojaa. Aliiacha wazi, yeyote aone ilivyoundwa na airekebishe, ila maamuzi yote yalibaki kwake. Mafuriko yaliyopita alikuwa hoi kwa malaria, tahadhari ikafika maji yakiwa tayari chini ya vitanda. Ndipo akasema basi: sasa litaamua baraza la watumiaji wake, likiongozwa na Tausi wa duka la vitenge pale mjini.

Nikatumwa redioni kueleza. Hezroni, mtangazaji, hakuelewa kitu.

"Kaiuza?"

"Hapana."

"Kafukuzwa?"

"Hapana, jamani!" Jasho likinitoka, nikamrahisishia: "Ni kama zamani, chifu mzee alivyokabidhi nchi kwa vijana."

Hezroni akashusha sauti. "Ooh. Poleni sana."

Nikashangaa, pole ya nini? Nikaenda zangu kula wali.

Asubuhi simu yangu haikupumua. Pole, pole, pole tu. Wanaotupimia kina cha mto kule Katumba Songwe hawakutuma vipimo. Wote walikuwa njiani kwenda Mwaya, kwa mama yake Andongwisye. Nikadandia bodaboda, sielewi mbele wala nyuma.

Uwanja ulijaa watu na mikungu ya ndizi. Mama yake, Bi Marta, alikuwa amekaa chini analia. Mbele yake kasimama Andongwisye, mzima kabisa.

"Mama, siumwi!"

"Gwe mwanangu, usinifiche. Babu alitusimulia. Chifu akishakabidhi, haoni mavuno mengine. Anakabidhi kwa sababu anakwenda."

Aibu ilinishika nikatamani ardhi inimeze. Simulizi hiyo niliijua tangu utotoni, mwisho wake ukanitoka kabisa mbele ya kipaza sauti.

"Siendi popote, mama."

Bi Marta akafuta machozi, hasira zikampanda. "Sasa kama hufi, kwa nini umeachia?"

Watu wote wakasogea karibu.

"Kwa sababu ipo siku nitakufa. Na siku hiyo sitaki mto uwakute mmelala."

Kisha wale wapimaji wa Katumba Songwe wakaanza kutafuta ndala zao, warudi mtoni.

Bi Marta akanigeukia mimi. "Na wewe, mbona redioni hukusema hivyo?"