Kaa Ha…

…na taa zikawaka, Jumamosi ya tarehe kumi na mbili Aprili, saa kumi na mbili na dakika tano jioni, katikati ya neno, kama ilivyo desturi ya sinema za Roma, maana mashine inajua dakika tu, haijui mtu amefika wapi na maneno yake, yule mzee wa kwenye filamu amelala kitandani hospitalini, anamtazama muuguzi, anafungua mdomo, anasema "Kaa ha", na papo hapo skrini ikawa nyeupe, maandishi makubwa, MWISHO WA KIPINDI CHA KWANZA, kama mpira, watu wakajinyoosha, wakaulizana nani anataka kahawa, na Marzia akabaki ameng'ang'ania mikono ya kiti kwa hasira, kwa sababu dakika zile za mwisho, zile za hospitalini, hazikuwa za baba yake, angeapa mbele ya hakimu, zilikuwa za mtu mwingine, sauti ya kukwaruza, sauti ya debe linaloburutwa kwenye kokoto, wamemtoa wapi huyu, na mama pale pembeni anamenya peremende yake nyeusi taratibu, karatasi inalia chakacha chakacha, mama hana habari, maskini, mama amevaa koti la Jumapili siku ya Jumamosi, amejipaka manukato nyuma ya masikio, amekuja kumsikia mumewe kwa mara ya mwisho na wamempa mtu baki… amwambie? amwambie sasa, kabla taa hazijazimwa, au amwache amsikilize mtu baki hadi mwisho akidhani ni Egidio, arudi nyumbani ameridhika, apike mboga zake za artichoki, lipi lenye dhambi kubwa zaidi, kusema au kunyamaza, na mama akageuka, akauliza, "Aiskrimu utakula?" na Marzia akasema, "Hii si filamu ya aiskrimu, mama," kwa sauti kali kuliko alivyokusudia, kwa sababu huo ulikuwa mzani wa baba, filamu ikiwa nzuri Egidio hakununua kitu wakati wa mapumziko, alikaa tu amefumba macho asije akaimwaga, na ikiwa mbovu aliinuka wa kwanza, aiskrimu moja, aiskrimu mbili, siku moja Marzia akiwa na miaka minane alikula tatu akatapika ndani ya tramu, na baba akasema, mwanangu, hakuna mhakiki aliyewahi kusema kwa ufasaha kama wewe.

Mtia sauti. Ndiyo kazi aliyoifanya, kusimama gizani mbele ya kinywa cha mwigizaji wa kigeni na kumsemea kwa Kiitaliano, na kwa miaka thelathini kila mara Mmarekani huyu wa kwenye filamu alipofungua mdomo, nchi nzima ilimsikia Egidio, mwenye bucha alimsikia Egidio, kasisi alimsikia Egidio, nyumbani peke yake ndiko alikokuwa hasikiki, maana koo ni mali na mali haichezewi, mezani aliomba chumvi kwa kidole, alikasirika kwa nyusi, na Marzia alikua akijua sauti ya baba yake kwa kwenda kuitazama kama watu wengine wote, akiwa na tiketi mkononi, isipokuwa alipohamia Torino kusoma, hapo ndipo simu ikaanza, kila siku baada ya chakula cha mchana, neno moja, "Umekula?" na akishajibiwa anakata, hiyo ndiyo sauti yake aliyoitoa bure… akafa Oktoba, lakini filamu haziendi kwa mwendo wa mauti, zinatiwa sauti leo zinatoka baada ya miezi, kwa hiyo marehemu akaendelea kutoka, na kila alipotoka Marzia alipanda treni kuja kumsikiliza, Desemba ile ya Kifaransa ya wanaume watatu walioachwa na wake zao wakakwama kwenye theluji, haina kichwa wala miguu, aiskrimu mbili, aliyeiandika hajawahi kuachwa hata na basi, lakini baba alikuwa wakili wa mirathi, aliingia na mkoba akasema "Poleni" kwa namna ambayo ukumbi mzima ulicheka na yeye akalia, Februari ile ya nyambizi, kijani juu ya kijani, muziki unaokuambia sasa ogopa, sasa tulia, kana kwamba umekuja na mlezi wako, baba nahodha, amri na vina vya maji, akafa mapema, akafa kwa maji safari hii, Machi katuni ya nungunungu aliye hakimu, na hiyo, kwa kweli, ndiyo iliyokuwa bora kuliko zote, aliyeichora anajua jinsi mnyama aliyechoka anavyokaa, pale mwishoni katika hukumu Marzia alisikia kitu kama mchanga ndani ya sauti akasema ni spika, sinema zile za watoto hazitengenezi spika… halafu hii, ya mwisho, hakuna nyingine baada ya hii, dereva mstaafu wa basi la shule ambaye watoto wake wanamuuzia nyumba, na ni filamu nzuri, ndilo tatizo, kamera haina haraka, inakaa juu ya mikono, inamwacha mtu amalize kufunga kamba za viatu, na neno la kwanza kabisa, "Nani kaacha mlango wazi," likatoka zima, nene, la kahawia, baba mtupu, Marzia akaanza kulia papo hapo na hakuacha karibu saa nzima, alilia kwenye mnada wa fenicha, alilia kwenye utani kuhusu mbwa, na mama alimtazama mara moja, akampa leso.

Halafu hospitali. Halafu lile debe. Na si sauti peke yake, kosa la kazi pia, kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza, mzee anamwona muuguzi kijana, anamdhania binti yake, anamwambia maneno, midomo inasema sentensi ndefu, Marzia aliisoma midomo, Kiingereza anakijua, unaonekana umechoka kipenzi changu au kitu kama hicho, na yule mtu baki badala ya sentensi ndefu akasema neno moja, "Umekula?" na midomo ya Mmarekani ikabaki inacheza bure, haina sauti, kama samaki, aibu, na baba alimfundisha jambo hilo akiwa bado mdogo, jikoni, kwa kuandika na kwa vidole, neno liishe mdomo unapofunga, mdomo ukibaki wazi na neno limekwisha, umemwibia mtazamaji… akasikia wanawake wawili kiti cha nyuma, mmoja anamwambia mwenzake, shoga, umesikia, wamembadilisha mzee wa watu, mwanzo alikuwa anaongea vizuri sasa anaongea kama ana kikohozi cha mwaka juzi, na mwenzake akasema labda hela ziliwaishia, wakacheka, na Marzia alitaka kugeuka awashukuru, kumbe si yeye tu mwenye masikio, lakini mama kasikia pia, mama lazima kasikia, sasa atauliza, sasa itabidi aseme, na mama, ambaye alikuwa ameshanunua aiskrimu yake na alikuwa akiihangaikia karatasi, aligeuza shingo polepole kwa sababu ya lile koti.

"Dada yangu," akasema, "huyo wa hospitalini ndiye mwenyewe. Wa mwanzo ndiye wa kubadilisha."

"Mwenyewe nani, mama?"

"Mume wangu."

Na kiti cha nyuma mtu akasema samahani, mwingine akasema Mungu amrehemu, mama akasema haidhuru, ahsanteni, ni kweli kilikuwa kikohozi, akarudi mbele, akalamba aiskrimu upande uliokuwa unadondoka, na Marzia akasikia masikio yake yakiziba kama treni inapoingia kwenye handaki, wa mwanzo ndiye wa kubadilisha, wa mwanzo, Nani kaacha mlango wazi, la kahawia, nene… "Wa mwanzo ni nani?" akauliza, na mama akamtazama kwa mshangao wa kweli, akasema ni Nevio, ni nani mwingine, mwanafunzi wa baba yako, miaka kumi na minne anamwigiza baba yako mpaka anavyosafisha miwani, nilipokuona unalia pale mwanzo nikasema moyoni, huyu mtoto anamlilia Nevio kwani amemkopesha, nikadhani labda mna mambo yenu, na mama akacheka kidogo, halafu akaona uso wa binti yake akaacha kucheka. "Hukumjua," akasema. Halikuwa swali.

Akamweleza basi, kwa sauti ya chini, aiskrimu ikimtiririka kidoleni, kwamba ilikuwa Septemba, koo limeshaharibika, madaktari wameshasema, na mwongozaji wa sauti alitaka Nevio aifanye filamu yote, ni busara, lakini Egidio alishika kalamu akaandika, hospitali niachieni mimi, sauti ya mgonjwa ninayo tena sijaiazima, wakampeleka kwa teksi, wakamwekea kiti, yeye ambaye hakuwahi kutia sauti amekaa, na pale kwenye ile sentensi ndefu walibishana naye, karatasi inasema hivi, yeye anasema "Umekula," wanarudisha picha, anasema "Umekula," wakamwonyesha midomo inavyobaki wazi, yeye miaka yote hiyo ndiye aliyekuwa akiwagombeza watu kwa midomo, akajifanya hasikii, mwongozaji akachoka akasema haya, iwe hivyo, nani atagundua… "Mbona hamkuniambia," akasema Marzia, na mama akasema, "Alinikataza. Alisema, Marzia ana sikio, akinisikia hivi hatanisikia tena vile," na ndiyo sababu simu zilikoma kiangazi kilichopita, kumbe, zikaja meseji, kila siku saa ile ile, Umekula, kwa maandishi, na yeye alikuwa akimjibu kwa picha ya sahani, wali, maharagwe, siku moja tufaha tu, akidhani baba amejifunza simu mpya, akawaambia wenzake chuoni, baba yangu amekuwa wa kisasa… "Na baada ya mapumziko?" akauliza, "atakuwepo baada ya mapumziko?" na mama akafikiri, akahesabu kitu kichwani, akafuta kidole kwa leso. "Alisema 'kaa hapa', akaanza kukohoa, wakafunga. Hakurudi tena. Kwa hiyo, mwanangu, imebaki 'pa'."

Pa. Imebaki pa, ipo huko nyuma ya ile skrini nyeupe, silabi moja ya baba, na baada ya hapo Nevio mpaka mwisho, Nevio mzuri, Nevio wa kahawia, ambaye Marzia amemlilia saa nzima, na yule mwingine, yule halisi, alikaa naye dakika kumi akimchukia, akamwita debe, sasa anajaribu kumrudisha kichwani, anafumba macho, anasaka ile sauti, ilikuwaje, ilipanda wapi, ilivuta pumzi wapi, na hakuna, kinachorudi ni hasira yake tu, hasira ilikuwa inaongea kwa nguvu kuliko baba, anaiona midomo, midomo anaikumbuka, inacheza wazi baada ya neno kwisha, kama samaki, ule wizi, baba hakumwibia mtazamaji maisha yake yote akaja kumwibia mara moja, mbele ya watu, kwa makusudi, wakati kila pumzi inamkata, na aliyeibiwa alikuwa amekaa safu ya saba ameghadhibika… hatanisikia tena vile, alisema, naye akahakikisha, akampa vile kwa saa nzima kwa mkopo wa Nevio, halafu akaja hivi, akauliza alichokuwa na haja ya kukiuliza, akijua au hajui kwamba mwenye sikio hatajibu… na mama anasema kitu, anasema kesho ni Jumapili ya Matawi, usisahau, misa ya saa tatu, tuchukue tawi la mzeituni tumpelekee, na kwamba aiskrimu hii ni mbaya lakini Egidio angeinunua kwa heshima ya Nevio, kumtania, na anacheka, na mkono wake wenye baridi ya aiskrimu umekuja juu ya mkono wa Marzia na umekaa, na kule mlangoni watu wanarudi na vikombe vyao, wanatafuta safu zao, samahani, samahani, skrini bado nyeupe, taa bado zinawaka, mzee bado amefungua mdomo mahali fulani, na Marzia, ambaye muda mfupi uliopita alitaka taa zizimwe haraka, sasa anaomba zisizimwe, zikae hivi hivi, kwa maana pa haijasemwa bado, na maadamu haijasemwa…

Kesho yake asubuhi waliyapeleka matawi ya mzeituni makaburini, na mama akasema atarudi nyumbani kupika. Marzia akasimama kwenye baa ya kona, akaagiza kahawa na mkate laini wenye jemu, akautafuna wote, polepole, mpaka makombo ya kwenye kisahani, ingawa hakuwa na njaa. Halafu akaingia onyesho la saa tano, safu ya saba, tawi dogo la mzeituni likiwa bado kwenye tundu la kifungo. Saa ile ya Nevio hakulia. Hospitali ilipofika alifumba macho, ili midomo isimsumbue, na sauti ile mbaya, yenye mchanga, ikaja kutoka gizani karibu sana naye, ikauliza.

"Nimekula, baba," akasema, kwa sauti ya kawaida, na mwanamume wa mbele akageuka akamwambia nyamaza.

"Kaa ha," akasema baba yake, na taa zikawaka, watu wakainuka kwenda kunywa kahawa, na yeye akakaa.